Kupanda miti ni jambo moja, kurudisha uoto ni jingine

Kila Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, Tanzania inashika majembe. Halmashauri zimewekewa lengo la miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka. Kenya nayo inataka kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 serikali yake ilitangaza siku ya mapumziko ili wananchi wakapande. Namba hizi zikisomwa redioni, mkulima wa Chamwino mkoani Dodoma au Kishapu mkoani Shinyanga hutupa macho nje ya mlango wake na kuuliza swali la haki kabisa: mbona hapa bado ni vumbi?

Mimi swali hilo nilianza nalo nikiwa darasa la tano. Mwaka mmoja tulichimba mashimo nyuma ya madarasa, tukapanda, tukaimba, mgeni akahutubia. Mwaka uliofuata tulipanda tena, lakini safari hii hatukuchimba. Mashimo yalikuwa palepale, matupu, yanatusubiri.

Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko imejificha humo. Mche ni mmea mchanga uliooteshwa kitaluni, mara nyingi ndani ya kiriba cha plastiki. Huo bado haujawa mti. Utauita mti pale utakapokuwa umevuka viangazi viwili au vitatu na kuweza kujitafutia maji wenyewe. Takwimu nyingi tunazosomewa siku za sherehe ni za miche. Uoto ni neno pana zaidi, na uzuri wake ni kwamba linajieleza lenyewe: limetokana na kuota. Ni kila kinachoota juu ya ardhi, nyasi, vichaka, miti mikubwa kwa midogo, na sehemu kubwa yake haikupandwa na mtu. Kisiki hai ni kile kilichobaki baada ya mti kukatwa, juu kimekwisha lakini chini mizizi ingali inapumua. Halafu kuna ngitili, neno la Wasukuma, ambalo nitalirudia kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna somo kubwa kuliko yote.

Sasa hesabu kidogo. Ukipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja huchukua miche 1,111. Kwa hiyo miche 10,000, ambayo ni kazi kubwa kwa kijiji na gharama kubwa kitaluni, inatosha hekta tisa tu, yaani ekari kama 22. Ardhi ya kijiji kimoja cha Dodoma au Shinyanga kwa kawaida ni maelfu ya hekta. Hata miche yote ikipona, bila hata mmoja kufa, kijiji hakijageuka kijani. Kimepata shamba la miti.

Na miche haiponi yote. Dodoma hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka kwa wastani, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili mwanzoni. Baada ya hapo ni miezi saba ya ukame. Mche uliotoka kitaluni umezoea kumwagiliwa asubuhi na jioni, na mzizi wake una urefu wa kiriba, kiasi cha shubiri moja. Unaingizwa ardhini, na kabla mzizi haujashuka kufuata unyevu, mvua inaaga. Mchwa wanakuja, na mbuzi nao, kwa sababu mwezi wa Septemba mche ule ndio kitu pekee cha kijani wanachokiona. Nimewasikia watu wakisema wanavijiji ni wavivu wa kumwagilia. Mama anayefuata maji kilomita kadhaa kwa ndoo kichwani hawezi kuchagua kati ya mche na uji wa watoto, na hakuna anayepaswa kumtaka achague.

Kilichoko chini ya ardhi

Ukipita kwenye shamba la Dodoma wakati wa kiangazi utaona vijiti vifupi vimechomoza hapa na pale, vinene kama kidole, vimejikunyata pamoja kama kichaka. Wengi tunaviita magugu. Mkulima huvifyeka kila mwaka kabla ya kulima, na mvua ikinyesha vinachipua tena. Huo ni mti. Ni mgunga, au mkwaju, au mwingine wa asili ya pale, uliokatwa labda enzi za babu, na mizizi yake ilikwisha kushuka zamani hadi kwenye unyevu ambao mche wetu hautaufikia kwa miaka. Umejaribu kurudi kila mwaka, na kila mwaka umekatwa, umeliwa au umechomwa.

Waliokulia migombani wataelewa haraka kinachotakiwa kufanywa. Mgomba ukiachiwa machipukizi yote, shina linajaa vichwa na ndizi zinakuwa nyembamba. Mkulima anayejua kazi yake hubakiza mama, mtoto na mjukuu, mengine anayang'oa. Kisiki hai hutunzwa kwa akili hiyohiyo. Unachagua kisiki, unatazama machipukizi yake, unabakiza mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, mengine unayakata kwa kisu kikali. Yaliyobaki unayapogoa matawi ya chini, kama nusu ya urefu, ili nguvu iende juu. Kisha unafunga kitambaa cha rangi ili jirani na mchungaji wajue kwamba mti huu una mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa unarudi na kupogoa tena. Kwa kuwa mizizi ni ya mti mzima, shina lililobakizwa hukimbia, na misimu michache ya mvua huliwezesha kuupita urefu wa mdomo wa mbuzi. Hapo hatari kubwa imekwisha.

Angalia pia kwamba vijiti ulivyokata ni kuni, na majani yake ni malisho. Faida imepatikana siku ya kwanza. Mche wa kitaluni unakudai miaka kadhaa kabla haujakupa chochote, na mtu mwenye njaa ya leo hana miaka ya kukopesha. Mkoani Dodoma shirika la LEAD Foundation, kwa ushirikiano na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likifundisha wakulima njia hii kwa jina lenyewe la Kisiki Hai, na ni moja ya kazi za mazingira ninazoziamini zaidi nchini kwa sababu haihitaji kununua kitu. Inahitaji kisu, kitambaa na makubaliano.

Mtu aliyeifanya dunia iisikie njia hii ni Tony Rinaudo, bwana shamba kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi Maradi, kusini mwa Niger, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa amepanda miche mingi na mingi ilikuwa imekufa. Siku moja mwaka 1983 alisimamisha gari lililobeba miche ili apunguze upepo wa magurudumu na kupita kwenye mchanga. Akatazama kichaka kilichokuwa karibu naye, akayasogelea majani yake, akatambua kwamba hakikuwa kichaka. Kilikuwa mti uliokatwa, unaochipua. Jangwa lote lile lilikuwa limejaa miti iliyolala. Katika miongo miwili iliyofuata wakulima wa Niger walirudisha miti kwenye hekta zipatazo milioni tano, takriban miti milioni 200, karibu yote bila kupanda mche.

Ufundi haukutosha, hata huko. Sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iliihesabu miti kuwa mali ya serikali, hata ile iliyoota katikati ya mtama wa mtu. Ukiutunza ukawa mkubwa, unakuwa wa serikali na ukiukata unatozwa faini. Mkulima mwenye akili aling'oa chipukizi mapema ili lisije kumletea kesi. Kisu cha kupogolea kilianza kupata maana pale wakulima walipoanza kuamini kwamba mti uliomo shambani mwao ni wao.

Shinyanga

Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, kwa sababu tunasafiri mbali kutafuta mifano ilhali tunao nyumbani.

Ardhi ya Usukuma ilipoteza miti kwa hatua. Serikali ya kikoloni, kuanzia miaka ya 1920, iliwahimiza watu kufyeka mapori makubwa ili kuangamiza mbung'o, na pamba ilipoanza kulipa, mapori mengine yakawa mashamba. Ng'ombe waliongezeka. Kisha ikaja operesheni ya vijiji vya Ujamaa katikati ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani na kuachana na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980 mkoa wa Shinyanga ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Wanawake walichoma kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba badala ya kuni, na mbolea ya shamba ikaishia jikoni.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kama HASHI. Mwanzoni nao ulitegemea vitalu na miche. Lakini wataalamu wake walifanya jambo ambalo wengi hulisahau: waliwauliza wazee. Wazee wakawatajia ngitili.

Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, nyasi zinakua, zinakomaa na kukaukia palepale zikiwa zimesimama, kama ghala la malisho lisilo na kuta. Kiangazi kikishika makali, malisho yamekwisha kwingine, eneo linafunguliwa, tena sehemu kwa sehemu. Familia ilikuwa na yake, na jamii ilikuwa na yake. Wasukuma hawakuianzisha kwa ajili ya miti. Waliianzisha kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Lakini ardhi inayopumzika miezi mingi kila mwaka huanza kuchipuza kila kilichokuwa kimelala ndani yake, na visiki vinapata nafasi ambayo vilikuwa vikinyimwa.

Ulinzi ulirudi kwa wenyewe. Mkutano wa jadi, dagashida, ulipanga kanuni na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walizisimamia. Serikali ya kijiji iliziandika kuwa sheria ndogo. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hii ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 ilikadiria kwamba kuni, malisho, asali, uyoga, dawa, nyasi za kuezekea na mengineyo kutoka ngitili vilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50.

Hakuna kampeni ya siku moja iliyowahi kutupa hekta 300,000. Shinyanga ilizipata kwa kukubaliana ng'ombe wa nani asiingie wapi, na mwezi gani.

Je, miti huleta mvua?

Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, na ndilo lenye majibu mengi ya nusunusu. Miti hutoa mvuke, hilo ni kweli. Msitu mkubwa kama wa Congo hurudisha angani sehemu kubwa ya maji yake, na mvuke huo hunyesha tena mahali pengine. Lakini ekari hamsini za kijiji hazina nguvu ya kuita wingu. Mvua ya Dodoma inategemea zaidi pepo na bahari. Kijiji kikiambiwa "pandeni mvua ije", kikapanda, na mwaka unaofuata ukawa wa ukame, watu watakuwa na haki ya kuona wamedanganywa.

Uoto unabadilisha kitu kingine, nacho kina uzito kwa mkulima kuliko wingu: hatima ya mvua ikishatua. Mwaga ndoo ya maji kwenye uwanja uliofagiliwa kila siku. Yanakimbia, yanachukua vumbi, yanaishia barabarani. Mwaga ndoo nyingine chini ya mti wenye majani makavu yaliyoanguka. Yanapotea palepale, kwa sababu mizizi, mchwa na wadudu wengine wametoboa udongo. Kijiji kisicho na uoto kinaweza kupata mvua ileile ya jirani yake na kuishia na korongo, wakati jirani ana kisima.

Basi miti ikiwa mingi zaidi, maji yatakuwa mengi zaidi? Hapana, na hapa hata wapenda miti hushtuka. Mti ni bomba pia: hunyonya maji ya chini na kuyatoa juu. Utafiti uliofanywa Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika nchi kavu za kitropiki maji yanayozama hadi chini kabisa huwa mengi zaidi pale miti inapokuwa ya wastani, imetawanyika. Ardhi tupu inapoteza maji kwa mtiririko, msitu mnene unayanywa. Shamba la mtama lenye miti hapa na pale, kama walivyokuwa nayo wazee wetu, liko karibu sana na kipimo hicho.

Mti gani, wapi

Kuna usemi kwamba mti ni mti. Waulize watu wa Baringo, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliletewa mti wa kigeni unaostahimili ukame ili uzuie jangwa na kuwapa kuni. Wao wanauita mathenge. Ulistawi kuliko ulivyotarajiwa, ukafunga njia za mifugo, ukameza malisho, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mbuzi. Miaka ya 2000 wananchi waliishtaki serikali, na wakapeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi.

Mkaratusi nao unalaumiwa kupita kiasi na kutetewa kupita kiasi. Unakua haraka, nguzo zake zinauzika, na kwa familia yenye eneo la mlimani unaweza kulipa ada ya shule. Ukiupanda kwenye chanzo cha maji, unakinywa. Afrika Kusini tangu 1995 imekuwa ikiwalipa watu kung'oa miti ya kigeni kwenye mabonde ya mito kwa sababu hiyohiyo. Kwenye chemchemi acha yaote yaliyokuwa yakiota hapo, mikuyu na jamii yake, au yapande kutoka mbegu za jirani.

Ng'ombe na mbuzi wanahukumiwa mapema pia. Kondoa, ambako mmomonyoko ulichimba makorongo ya kutisha, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 serikali iliamua kuwaondoa mifugo wote kwenye eneo lililoharibika zaidi. Ardhi ilipona, na yeyote aliyepaona hawezi kukataa. Lakini mifugo hao walihamia kwa majirani na uzito ukahamia nao, na familia zikakosa maziwa na samadi kwa miaka. Ukilinganisha na Shinyanga, ambako ng'ombe walibaki na kupangiwa kalenda, mimi nachagua kalenda.

Hayo yote hayafuti kitalu. Mahali ambapo ardhi imekwanguliwa mpaka hakuna kisiki, panda. Nyumbani, shuleni, zahanati, kandokando ya mto, panda, hasa matunda na kivuli, karibu na macho ya mtu. Ila zingatia tarehe. Aprili 1 inafaa sana Kilimanjaro, Tanga na Pwani, ambako masika ndiyo yanaingia. Kwa Dodoma, Singida na Shinyanga, ambako msimu ni mmoja, siku hiyo mvua inafunga virago. Huko shimo lichimbwe Oktoba au Novemba, mche uingie mara mvua za Desemba zikishika, ukiwa na miezi mitatu minne ya kushusha mzizi. Zungushia shimo kingo ya udongo ya nusu mwezi upande wa chini wa mteremko ili maji yatulie. Weka matandazo ya nyasi kavu. Na tafadhali, chana kiriba. Nimewahi kufukua miche iliyokufa na kukuta mizizi imejisokota ndani ya plastiki yake, imekosa mlango.

Kilichobaki ni nani anayehesabu, na lini. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, kinamama walilipwa fedha kidogo kwa kila mche, lakini kwa ule uliopona, si ule uliotiwa shimoni. Kijiji chochote kinaweza kufanya hivyo hata bila fedha. Novemba, siku chache kabla ya mvua, kiangazi kikiwa kimekwisha kufanya yote kiliyoweza, darasa la tano lipewe daftari na lizunguke. Mche ulio hai uandikwe na jina la mtunzaji wake. Kisiki chenye kitambaa kiandikwe. Shimo tupu nalo liandikwe, pamoja na tarehe lilipopandwa, na mwalimu alisome daftari hilo lote kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mtu yeyote hajaagiza miche mingine.